Meursault alisema uongo siku ya Jumamosi

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapa kuhusu riwaya ambazo kijana wetu asimalize masomo bila kuzisoma. Nimeifurahia, isipokuwa sentensi moja iliyoninyima usingizi. Mwandishi wenu anasema Meursault, msimulizi wa L'Étranger (yaani Mgeni), riwaya ya Albert Camus, ni mtu asiyejua kusema uongo, na vijana wajifunze kwake. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Lubumbashi, mwaka wa 26 sasa, na miaka mingi nami nilisimama mbele ya ubao nikasema hivyohivyo. Naomba nafasi nieleze kwa nini nimeacha.

Nakubali kwamba sifa hiyo ina msingi. Akiwa ameshtakiwa kwa kumwua mtu ufukweni, wakili wake anamwuliza kama anaweza kusema kwamba siku ya maziko ya mama yake alizizuia hisia zake. Maneno hayo yangeweza kumsaidia, naye anakataa, kwa sababu si kweli. Marie, mpenzi wake, anamwuliza kama anampenda, naye anamjibu kwamba swali hilo halina maana, ila anaona kama hampendi. Camus mwenyewe, katika utangulizi aliouandika mwaka 1955, alisema shujaa wake anahukumiwa kwa kuwa anakataa kusema uongo. Basi sisi walimu tukayachukua maneno ya mwandishi, tukawapa wanafunzi, wanafunzi wakayaandika kwenye mtihani wa taifa, mambo yakaisha.

Lakini mwandishi akishamaliza kitabu chake, naye anakuwa msomaji kama sisi. Turudi kwenye kurasa zenyewe.

Katika sura ya tatu, jirani yake Raymond, ambaye mtaa mzima unasema anaishi kwa jasho la wanawake, anataka kumwadhibu mwanamke aliyekuwa naye. Anahitaji barua ya kumvuta arudi, ili akisharudi amdhalilishe. Nani anaiandika? Meursault. Anasema alijitahidi kumridhisha Raymond kwa kuwa hakuwa na sababu ya kutomridhisha. Na hapo kuna jambo ambalo nimelipita miaka kumi na zaidi bila kuliona. Raymond anamtajia jina la yule mwanamke, na kwa jina hilo Meursault anatambua kwamba ni Mwarabu wa kule Algeria. Kwa hiyo jina alilisikia. Sisi hatuambiwi. Msimulizi anayetueleza kahawa aliyokunywa, sigara aliyovuta na jua lililomchoma uso, jina la mwanamke huyu amebaki nalo kooni. Kaka wa mwanamke huyu, ambaye ndiye Meursault atakayemwua, naye atakufa bila jina. Ilibidi tungoje hadi mwaka 2013, Kamel Daoud wa Algeria alipoandika riwaya yake na kumpa marehemu jina la Moussa.

Mwanamke anarudi, anapigwa. Wapangaji wote wanatoka na kujaa kwenye ngazi, wanasikia. Marie anamwomba Meursault akaite polisi. Anajibu kwamba hapendi polisi. Anayemwita ni mpangaji mwingine, fundi wa mabomba, mtu ambaye kitabu hakimpi hata nusu ukurasa, na ambaye mimi sasa namheshimu kuliko wote waliomo.

Kisha Raymond anaomba shahidi. Meursault anasema kwake ni sawa tu, ila hajui aseme nini. Raymond anamwelekeza: inatosha kusema kwamba yule msichana alimkosea heshima. Na Jumamosi wanakwenda kituoni, anasema hilohilo. Raymond anaachwa kwa onyo. Msimulizi anaongeza kwa sentensi fupi kabisa kwamba hakuna aliyehakikisha maneno yake.

Bwana Mhariri, someni mistari hiyo kwa Kifaransa chake. Neno "manqué", yaani kule kumkosea heshima, limefungwa ndani ya alama za mtajo. Meursault anajua neno hilo si lake. Amemkopesha Raymond mdomo, na anajua kwamba ameukopesha. Yule anayeona uzito wa kusema "ninakupenda" bila hakika, hakuona uzito wowote kumwambia polisi kwamba mwanamke aliyepigwa hadi akapiga kelele za kutisha ndiye mkosaji. Na kesho yake, Jumapili, kaka wa mwanamke huyo anafika ufukweni walipo, naye anauawa kwa risasi tano za huyuhuyu shahidi. Mimi naona kifo hicho kilianzia kituoni. Kama sheria ingempokea dada, kaka angefuata nini ufukweni?

Mtaniambia mwendesha mashtaka aliyasema haya mahakamani. Ni kweli, aliuliza kuhusu barua na ushahidi ule, akasema ulikuwa wa kupendelea. Lakini aliyatumia kama ngazi ya kupandia kwenye shtaka lake kubwa, kwamba mtu huyu alimzika mama yake akiwa na moyo wa mhalifu. Mwanamke mwenyewe hakuitwa. Katika kesi nzima hatuisikii sauti yake hata mara moja. Ndiyo maana wasomaji wanatoka wakiwa na hasira kwamba mtu amehukumiwa kwa kutolia, na hasira hiyo ni ya haki, lakini inafunika ile nyingine.

Sikuyaona haya kwa akili yangu. Mwaka jana darasani mvulana mmoja alisema, "Mwalimu, ule bwana anasemaka tu kweli." Nikatikisa kichwa kukubali. Msichana wa dawati la nyuma akauliza, "Na ule mwanamuke? Nani alimuulizaka?" Nilifungua kitabu nimjibu. Nikakosa jibu, maana nilikuwa nimeshamjua mwanamke huyo, mahali pengine.

Zamani, nikiwa mwalimu kijana, tulikaa familia nne katika lupango moja, yaani kiwanja kimoja, huko Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Ukuta kati yangu na jirani ulikuwa mwembamba kiasi cha kusikia sufuria ikiwekwa chini. Usiku mmoja alimpiga mkewe. Nilimsikia mama huyo akiita, "Papa Mwalimu! Papa Mwalimu!" Sikutoka. Asubuhi tukaitwa kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Yule bwana alikuwa amenikopesha pesa mke wangu alipojifungua, na njiani aliniambia kwa upole niseme kwamba mkewe ana mdomo. Nilisema ana mdomo. Nikaongeza kwamba sikusikia kipigo. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili, kwa sababu mimi ni mwalimu. Mama yule hakunijibu kitu. Alifunga mtoto mgongoni, akaondoka siku ileile, na sijamwona tena.

Kwa hiyo sisemi kwamba Meursault ni mbaya kuliko watu wengine. Nasema nimemtambua. Na kuna jambo moja amenizidi: yeye ameliandika. Angeweza kuiruka Jumamosi ile, nasi tusingejua. Mbele yetu sisi wasomaji hajifichi, na hapo ndipo ugumu wa kitabu unapokaa, na ndipo makala yenu yalipopita mbio. Msimulizi anaweza kuwa mkweli kwa msomaji wake na mwongo kwa jirani yake, katika kitabu kimoja, kwa sauti ileile tulivu. Anatukabidhi ushahidi dhidi yake mwenyewe bila kuuhukumu. Kazi ya kuhukumu ametuachia, na sisi tumeikwepa, tukamwita mkweli, kwa kuwa sauti yake haitetemeki.

Siombi kitabu kiondolewe shuleni. Mimi mwenyewe nitakifundisha tena muhula huu. Ninachoomba ni kwamba mkichapa tena orodha yenu, msiwaambie vijana wajifunze ukweli kwa mtu huyu kabla hawajafika sura ya sita na kusimama kwenye ile Jumamosi. Wanafunzi wangu nimewapa kazi ya kurasa mbili: mwanamke anaingia kituoni baada ya Raymond na Meursault kutoka, polisi anamwuliza jina lake, naye anajibu. Watanirudishia Ijumaa. Yule msichana wa nyuma ameniletea ya kwake mapema, na jina aliloandika juu ya karatasi nimelisoma kwa sauti mara tatu, peke yangu, nyumbani.

Wenu,
Mwalimu wa Kifaransa, Lubumbashi