Mama mkwe anasema kumlilia kuku ni mkosi, nami bado nalia

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Makorora, Tanga. Ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, na riziki yangu ni vitumbua ninavyopika kila asubuhi kibarazani. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla ya kuniamulia, maana nikianza tu kusema kwamba nimefiwa na kuku, watu huanza kutabasamu.

Nilikuwa na kuku wa kienyeji, si wengi. Kulikuwa na Bi Shungi mwenye kilemba cha manyoya kichwani, aliyekuwa akigombana na kivuli chake ukutani kila jioni. Kulikuwa na Tende, jogoo kijana, rangi yake ndilo jina lake. Kulikuwa na mitetea miwili dada, wasiokula kama mmoja hamwoni mwenzake. Na kulikuwa na Karani.

Karani alikuwa kishingo, wale wa shingo tupu. Wengi huwadharau kwa sura yao, lakini kwa joto la Tanga sijaona kuku anayelimudu kama wao. Manyoya yao ni machache, karibu nusu ya kuku wa kawaida, kwa hiyo kaskazi likikaza na wenzake wakahema midomo wazi chini ya mstafeli, yeye alikuwa anazunguka uani na shughuli zake. Jina alipewa na mume wangu, kwa sababu hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwetu bila yeye kukikagua. Mgeni akikaa, Karani atakwenda kumtazama vidole vya miguu, kwanza kwa jicho hili, kisha ageuze kichwa atazame kwa jicho la pili. Kapu la sokoni likiwekwa chini, kichwa chake kinatangulia ndani.

Alfajiri nilipokaa kwenye mbuzi kukuna nazi, alikuja kusimama kando ya goti langu. Hakudonoa nazi hata siku moja. Alisubiri nikamue tui, nimwage chicha, ndipo akala. Ila nikiinuka kuangalia moto, nikirudi namkuta yeye ndiye amekalia mbuzi, kifua mbele, na hashuki mpaka nimwambie, "Karani, ofisi imefungwa." Shangazi, alikuwa anashuka. Watoto walijaribu kumwambia maneno hayohayo na aliwatazama tu.

Alikataa kutaga bandani. Mayai yake aliyataga ndani ya kikapu cha nguo zinazosubiri pasi, na mume wangu alizoea kukuta yai la moto juu ya shati lake la Ijumaa. Alipokuwa na vifaranga nilijifunza kumsikiliza. Mwewe akipita juu, alitoa mlio mmoja mrefu na mwembamba, na vifaranga wote wakalala chini kimya. Paka akinyemelea, alipiga kelele za kukatakata bila kukoma, na hapo nilijua nishike ufagio. Majirani walinishangaa nikitoka mbio na ufagio kabla sijamwona paka mwenyewe.

Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu hapa nyumbani sasa siruhusiwi kuyasema.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini, upande wa Pangani, kukaa nasi kwa ajili ya posa ya wifi yangu mdogo. Alikuja kama wazazi wetu wanavyokuja: nazi, mkungu wa ndizi, na kuku wawili wamefungwa miguu ndani ya kikapu. Niliwapokea kwa furaha, nikawafunga kamba mguuni wapazoee, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Usiku walilala banda moja na wa kwangu.

Siku chache baadaye kuku mmoja wa mama akazubaa. Mbawa zikashuka, akawa anasinzia amesimama, kinyesi kikawa cha kijani. Mwenzake akafuata. Kisha Bi Shungi. Nilichemsha mwarobaini, nikaponda shubiri, nikafanya yote ambayo wanawake wa mtaa huu hufanya. Bwana mifugo alipokuja hakukaa sana kabla ya kusema ni mdondo, huo ambao wengine huuita kideri. Akaniambia hauna dawa. Ukishaingia, kilichobaki ni kuwatenga wazima na kuwazika waliokufa kwenye shimo refu, wala tusitupe mzoga jalalani ambako mbwa na kunguru wataueneza mtaa mzima. Kinga yake ni chanjo, tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Chanjo hiyo naijua, Shangazi. Tatizo ni kwamba chupa moja ni ya mamia ya kuku, na ikishafunguliwa haiwekwi. Mwenye kuku saba hawezi peke yake, lazima nyumba kadhaa zichangie siku moja. Niligonga milango mwanzoni mwa mwaka. Wachache walikubali, wengi wakasema kuku wa kienyeji hahitaji sindano, hata nilipowaeleza kwamba sindano haipo. Haya, limepita.

Asubuhi ambayo Karani hakuja kwenye mbuzi, nilijua. Nilimkuta nyuma ya pipa la maji, amefumba macho, udenda unamtoka. Nilimpakata ndani ya kanga nikawa namtia maji kwa kijiko cha chai. Mara moja moja alifumbua jicho lile la kukagulia, akanitazama, akalifumba. Usiku shingo ilianza kutetemeka. Alfajiri alikuwa amekwisha.

Sasa ndipo penye kisa. Wakati mume wangu anachimba shimo chini ya mstafeli, binti yangu wa miaka tisa alikwenda ndani akarudi na kipande cha kanga nyeupe iliyochakaa, akamfunika Karani nacho, akakikunja huku na huku kama alivyoona watu wazima wakifanya. Mama mkwe akatoka wakati huohuo. Alisema kwa sauti ambayo majirani waliisikia: "Mnamkafini kuku? Katika nyumba yenye posa?" Mtoto akaanza kutetemeka. Mimi nikalia, na kilio changu kikawa kibaya zaidi machoni pa mama kuliko kile kitambaa. Alisema hata binadamu ana siku tatu za matanga, basi kuku ni nini? Alisema nitawaletea mkosi. Alisema kuku ni kitoweo, Mungu amemuumba kwa ajili hiyo, na anayelilia kitoweo anakufuru neema.

Mume wangu alimzika Karani bila kusema kitu. Kitambaa alikitoa kwanza. Mtoto aliona.

Shangazi, namwelewa mama kwa kiasi. Amelea watoto sita kijijini, na kuku kwake alikuwa ada ya shule, kitoweo cha mgeni, nauli ya kwenda hospitali. Nimesikia mara nyingi jinsi alivyouza mtetea wake bora ili mume wangu apate viatu. Pengine kulilia kuku kwake ni anasa ambayo yeye hakupewa nafasi nayo. Na mimi mwenyewe nala kuku. Nikichinjiwa nyumba ya watu nala nikashukuru, na firigisi namwekea mama siku zote kama inavyostahili. Sioni kwamba hilo linafuta lile. Karani sikumfuga nimle, na yeye mama alijua hivyo tangu zamani, kwa sababu alipokuwa akija kututembelea alikuwa akimmegea mkate chini ya meza akidhani hatumwoni.

Lakini moyoni mwangu kuna jiwe, na wewe ndiye wa kwanza kulisikia. Kuku walioanza kuugua ni wale wa mama. Bwana mifugo aliniambia ugonjwa huu unaweza kujificha ndani ya kuku kuanzia siku mbili hadi wiki mbili huku akionekana mzima. Aliniambia pia kwamba unaweza kuingia kwa njia nyingine, hata kwa viatu vya mtu aliyetoka sokoni, kwa hiyo siwezi kuapa. Mama mwenyewe hajasema lolote kuhusu hilo. Wakati mwingine namwona anautazama mstafeli kwa muda mrefu, nawaza kwamba anajua, na kwamba ukali wake unatoka huko. Wakati mwingine nawaza najifariji tu. Zawadi aliileta kwa upendo. Nikimwambia kwamba ndiyo iliyoua kuku wetu, nitakuwa nimemvunja mama wa watu mbele ya mwanawe, wiki ya posa. Nikinyamaza, kila akisema neno "mkosi" nasikia hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwake kwa miaka yote ya ndoa yangu.

Na kuna Tende. Ndiye pekee aliyepona. Alipona kwa namna ambayo mdondo huwaacha wengine: shingo imepinda, kichwa kinatazama nyuma, na akitaka kwenda mbele anazunguka duara. Chakula cha chini hakiwezi, anadonoa pembeni. Tumemtenga chumba cha stoo. Asubuhi namwekea pumba zilizolowekwa na chicha ndani ya bakuli lenye kina, binti yangu anamshika kifua asianguke, naye anakula polepole hadi anashiba. Siku za karibuni duara limekuwa pana kidogo. Juzi alijaribu kuwika. Sauti ilitoka imekatika katikati, lakini ilitoka, na watoto wote watatu walikimbilia mlangoni.

Mama anataka Tende achinjwe kwa ajili ya wageni wa posa wanaotoka Muheza. Anasema tutakuwa tumemwondolea mateso na tumepata kitoweo, kuliko kusubiri awe mzoga. Mume wangu amesema, "Tutaona," na mke yeyote anajua maana ya tutaona. Nimejitolea kununua kuku wengine wa wageni kwa pesa yangu ya vitumbua, mama akaona namdharau. Binti yangu hasemi na bibi yake. Anamwamkia, basi.

Nimejiuliza kwa dhati kama namweka Tende hai kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Namtazama anavyokula, anavyofumba macho jua likimpiga dirishani, naona kiumbe anayetaka kuishi. Lakini mimi si shahidi mwema, kwa sababu nikimpoteza na yeye, uani kwangu hapabaki hata mmoja.

Jambo moja limenitia nguvu. Mwalimu wa madrasa ya watoto, aliposikia binti yangu analia darasani, aliwasimulia habari za Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege akafa, mtoto akahuzunika, na Mtume (S.A.W.) alimwita kwa jina lake akamuuliza habari za yule ndege. Hakumkemea. Alikaa na huzuni ya mtoto. Binti yangu alirudi nyumbani uso umefunguka, akanisimulia jikoni kwa sauti ya chini. Natamani mama angeisikia. Lakini mimi, mkwe, nimkalishe mzee kitako nimsomeshe dini ndani ya nyumba ya mwanawe? Siwezi. Na kumtuma mtoto amwambie bibi yake itakuwa ni kumrushia mama jiwe kwa mkono wa mtoto.

Basi, Shangazi, naomba unisaidie. Kwanza huyu binti. Nimwambie nini kuhusu kile kitambaa? Sitaki akue akiamini kwamba alitenda dhambi, wala sitaki amwone bibi yake kuwa adui. Je, nimwombe mwalimu wa madrasa apite nyumbani kumsalimia mama, mazungumzo yafike yenyewe yanakofika, au huo ni ujanja ambao mama ataugundua? Kuhusu kuku wale wa zawadi, ningependa kujua kutoka kwako au kwa wasomaji wenye wakwe kama kuna aliyewahi kubeba jambo kama hili bila kulisema, na kama moyo ulitulia au uliendelea kuchacha.

Na kwa wafugaji: kuna aliyewahi kuwa na kuku aliyepinda shingo kwa mdondo akanyooka tena, hata kama si kabisa? Mlimlisha nini, mlimweka muda gani? Bwana mifugo ameniambia nisilete kuku wapya karibu naye kwa sasa kwa kuwa anaweza bado kuwa na ugonjwa, na kwamba wapya wachanjwe kabla ya kuja. Hilo nitalishika. Nimeshaanza tena kugonga milango kwa ajili ya chanjo, na safari hii nyumba nyingi zimekubali, kwa sababu nazo zimezika.

Wageni wa Muheza wanakuja Jumapili ya wiki ijayo. Mume wangu ameahidi kwamba hatashika kisu kabla sijapata ushauri, ingawa hajui ushauri wenyewe nauomba wapi. Tafadhali nijibu kabla ya siku hiyo.

Mwanao,
Mama Vitumbua
Makorora, Tanga