Fomu ya maabara isiyojua kuwa mimi ni mwanamke

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuwaandikia neno, lakini taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu sindromu ya kimetaboliki, yaani mkusanyiko wa kasoro za mwili zinazoongeza hatari ya kisukari na maradhi ya moyo, imenishinda kuinyamazia. Mliweka picha ya mwanamume mwenye kitambi, kisha mkataja viwango vya damu vya "mtu mzima", kana kwamba watu wazima wote wana mwili mmoja.

Vigezo vilivyokubaliwa kimataifa mwaka 2009 ni vitano, na anayekutwa na vitatu huhesabiwa kuwa na tatizo. Sukari, presha na trigliseraidi, aina ya mafuta ya damu, havibagui mke na mume. Viwili vinabagua: kolesteroli nzuri, yaani HDL, huwa pungufu kwa mwanamume ikiwa chini ya milimoli 1.0 kwa lita na kwa mwanamke ikiwa chini ya 1.3, na kiuno, ambacho Waafrika tumeshauriwa kukihesabu kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Mwezi Machi nilipima damu katika maabara moja hapa Tanga, nikiwa sijala tangu usiku. Sukari ilikuwa 5.8, na hatari huanzia 5.6. HDL ilikuwa 1.1, na kando yake pakawekwa alama ya vema kwa wino wa bluu, kwa sababu fomu ilichapwa kiwango kimoja tu: "zaidi ya 1.0". Kiuno hakuna aliyekipima, hadi wiki mbili baadaye, fundi wangu wa cherehani pale Ngamiani aliponichukua vipimo vya gauni la harusi ya mpwa wangu, akaandika 93 kwa chaki juu ya meza yake. Kwa viwango vya kaka yangu nina kasoro moja. Kwa viwango vyangu ninazo tatu, nami nilikuwa nimerudishwa nyumbani nikiambiwa niko salama! Nina miaka 54, hedhi imekoma, na estrojeni, homoni ya kike, ikipungua mafuta huhama mapajani yakaja kukaa tumboni. Mimba yangu ya mwisho ilikuwa na kisukari, jambo linalomwongezea mama hatari ya kukipata tena baadaye maishani, na hakuna aliyeniuliza. Kisukari chenyewe humzidishia mwanamke hatari ya maradhi ya moyo kuliko kinavyomzidishia mwanamume. Yote hayo yalifunikwa na alama moja ya bluu.

Na huko kufunga nako hakusimamiwi. Mama niliyekaa naye benchi moja alikuwa ametoka kula maandazi na mbaazi za nazi, akatolewa damu ya kupima sukari na mafuta bila kuulizwa kama amekula, na majibu yake yakasomwa kama ya mtu aliyefunga.

Nawaomba mchapishe upya viwango hivyo katika safu mbili, ya wanawake na ya wanaume, kwa ukubwa unaoweza kukatwa na kubandikwa ukutani. Wenye maabara nao wanunue futi ya fundi cherehani, washone uzi mwekundu kwenye 80 na mweusi kwenye 94, kisha waitundike kwenye msumari wa kalenda, mbele ya macho ya anayejaza fomu.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga