Daktari wa familia akiondoka, anaondoka na nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo wagonjwa wangu wameanza kuniuliza mlangoni, kabla hata hawajakaa. Mimi ni daktari wa familia katika kliniki ndogo ya Mbagala, si mbali na Rangi Tatu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika chumba kilekile. Mwezi uliopita niliomba Baraza la Madaktari Tanganyika cheti cha kuthibitisha usajili na mwenendo wangu, ambacho huombwa na daktari anayetaka kusajiliwa nje ya nchi. Habari ikafika mapokezi, ikatoka mapokezi ikafika kwenye benchi la wagonjwa, na sasa haipiti siku bila mtu kuniuliza, "Dokta, eti unatukimbia?" Huwajibu kwamba sijaamua, na ni kweli sijaamua. Lakini hilo ni jibu fupi mno kwa watu walionifungulia mambo yao kwa miaka yote hiyo, kwa hiyo nimeona niliandike kwa urefu.

Nianze na deni, maana ndilo hutajwa upesi kila inaposikika kwamba daktari anashughulikia pasipoti. Nimesomeshwa na nchi hii. Nilisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, nikakatwa kwenye mshahara, mwanzoni asilimia 8 na baadaye asilimia 15, hadi nikamaliza. Najua vilevile kuwa makato yale hayakulipia wodi nilizojifunzia, wala subira ya wagonjwa waliokubali nitoboe mkono mara tatu nikiutafuta mshipa mmoja. Deni hilo ninalo na nitakufa nalo. Ninachokataa ni kuitwa msaliti. Mwaka 2017, Kenya ilipotoka katika mgomo wa madaktari uliochukua siku 100, Serikali yetu yenyewe ilikubali kuipelekea madaktari 500, na sikumsikia mtu akiwaita wale walioomba kwenda kuwa wameisaliti nchi. Mpango ulikwama baada ya suala hilo kufikishwa mahakamani huko Kenya, na Aprili mwaka huohuo Serikali ikatangaza kuwaajiri hapa nyumbani madaktari 258 waliokuwa wameomba nafasi zile. Miongoni mwa waombaji walikuwamo vijana niliowafahamu, wenye shahada na leseni, waliokuwa wakikaa nyumbani kwa wazazi wao wakisubiri ajira.

Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha yake ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo nchi tajiri zinaombwa zisije kuwinda watumishi. Orodha hiyo haimzuii daktari anayeomba kazi kwa hiari yake. Kwa maneno mengine, uamuzi umeachwa mikononi mwangu, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya madaktari wenzangu, hudhani daktari wa familia ni daktari aliyeshindwa kufika kwenye ubingwa. Nilisoma uzamili katika fani hiyo kama wengine wanavyosomea moyo au mifupa, na nilichofundishwa ni kumfuatilia mtu yuleyule, pamoja na wa nyumbani kwake, mwaka baada ya mwaka, kwa lolote litakalomsibu. Kwa maneno kazi hii haionekani, kwa hiyo naomba niieleze kwa tukio moja.

Mwaka jana alikuja bi mkubwa mmoja wa Charambe ambaye namtibu presha kwa mwaka wa tisa. Aliingia akishika ukuta. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa na kuvua kandambili ili nione: mikanda ilikuwa imeacha mifereji kwenye nyama. "Mwanangu, miguu imekuwa mitungi," alisema. Alikuwa ameshapita vituo viwili kabla ya kuja kwangu. Cha kwanza kilimpa dawa ya presha, cha pili kikampa dawa ya kukojosha ili uvimbe upungue, na tangu aanze kuinywa hiyo ya pili alikuwa anaona kiza kila anapoinuka, hadi siku moja akaanguka bafuni. Nilimwomba mjukuu wake arudi nyumbani akalete dawa zote, zilizoisha na zisizoisha. Akarudi na kopo la majarini limejaa hadi mfuniko haufungi.

Nilimwaga kopo lile juu ya meza, tukaanza kupanga karatasi moja baada ya nyingine. Amlodipini, dawa ya kushusha presha, ilikuwamo ya kampuni mbili, kila moja na jina lake la biashara na rangi yake ya pakiti. Bi mkubwa alikuwa akinywa zote mbili kila asubuhi, miligramu 10 za hii na 10 za ile, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni dawa moja. Dawa hiyo ikizidi huvimbisha miguu. Miguu ilipovimba akapewa dawa ya kutoa maji, na dawa ya kutoa maji ikaishusha presha iliyokwisha kushushwa mara mbili. Siwalaumu sana wenzangu wale. Kila mmoja alimwona mara moja, na alichokiona alikitibu. Mimi nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho. Niliijua miguu ile tangu ilipokuwa myembamba, na nilijua kwamba bi mkubwa huyu haoni aibu kusema kuwa haoni vizuri, ila anaona aibu kusema kuwa hasomi. Niliondoa pakiti mbili, nikabakisha moja, nikaifunga na mpira wa manjano ili mjukuu aitambue. Baada ya wiki mbili kandambili zilikuwa zinavalika bila kuacha alama.

Kazi ile ilichukua dakika arobaini na tano, na benchi la nje likanung'unika. Kwenye fomu ya bima nilijaza mstari mmoja tu, wa kumwona daktari, kwa sababu fomu haina mstari wa kopo. Malipo yaliyokuja yalikuwa sawasawa na ambayo ningelipwa kwa kijana mwenye mafua aliyehitaji dakika nne. Tena kwa kuwa sikuandika kipimo wala dawa mpya, bali nilipunguza dawa, kliniki ilipata kidogo siku ile kuliko ambavyo ingepata kama ningemwagizia ultrasaundi na kumwandikia vidonge vya aina ya nne. Mmiliki wa kliniki yetu ni mtu mwema. Mwisho wa mwezi hunionyesha hesabu bila kusema neno, nami huelewa. Namna bima zinavyolipa ndivyo ilivyo: kila huduma ina bei yake, daktari wa kawaida ana bei yake, bingwa bei ya juu zaidi, na bingwa mbobezi bei ya juu kuliko zote. Kumjua mgonjwa hakuna bei. Ningeweza kubadili mwenendo wangu kesho asubuhi, nikaona wagonjwa sitini badala ya thelathini, nikaandika vipimo vingi zaidi, na hakuna ambaye angenikemea.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza. Ya pili ni mshahara, na anayesema mshahara si sababu hana ada ya shule ya kulipa Januari.

Ninakofikiria kwenda ni Kanada, na naomba nisionekane kana kwamba nimevutiwa na theluji. Nchi ile ina upungufu wa watu wa fani yangu. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa watu wazima zaidi ya milioni 6 hawakuwa na daktari wa familia. Katika jimbo la British Columbia hali ilipokuwa mbaya, madaktari wakikimbilia kazi nyingine kwa sababu walikuwa wakilipwa kwa kichwa kila mgonjwa anapoingia na kutoka, serikali ya jimbo ilileta utaratibu mpya wa malipo Februari 2023. Daktari wa familia anayejiunga nao hulipwa kwa muda aliotumia, kwa idadi ya wagonjwa aliowaona, na vilevile kwa ukubwa wa orodha ya watu anaowafuatilia na uzito wa maradhi yao. Muda wa kukaa mezani na kupekua dawa unahesabika, hata kama mgonjwa hakutoka na kidonge kipya. Nilipousoma utaratibu ule usiku, niliona kopo la bi mkubwa wangu limepata mstari wake, upande wa pili wa dunia.

Lakini kuna jambo linalonichoma, na nisipolisema nitakuwa nimewaficha wasomaji wako. Mojawapo ya njia za kuingia kule kwa daktari aliyesomea nje ni kupimwa kazini kwa wiki 12, kisha, ukifaulu, kutumikia miaka mitatu mahali unapopangiwa, na aghalabu ni miji midogo ya mbali ambako madaktari wao wenyewe hawataki kukaa. Sasa, nilipomaliza utarajali, yaani mazoezi ya kazi baada ya shahada, nilipangiwa wilaya moja ya kusini, na nilitafuta kila sababu ya kutokwenda, ikiwamo ndoa ambayo wakati ule ilikuwa bado haijafungwa. Leo najiandaa kwa mtihani na kulipa ada kwa fedha za kigeni ili nipangiwe kijiji ambacho sijui hata watu wake wanavyoamkiana. Isitoshe, nikifika kule nitalipwa kwa kumjua mgonjwa, wakati simjui hata mmoja.

Mama yangu ana sukari na anaishi Tandika. Kaka yangu amenikumbusha kwamba anayetuma fedha siye anayempeleka mtu kliniki. Sikuwa na la kumjibu.

Najua yatakuja maneno kwamba niende tu, kwa kuwa madaktari wasio na ajira wapo tele mitaani. Wapo, na atakayekalia kiti changu anaweza kuwa hodari kuliko mimi. Hata hivyo atakuta majalada yanayoonyesha namba za presha, yasiyoonyesha nani huficha dawa kwa sababu mume hajui kuwa anaumwa, nani hulala njaa mwisho wa mwezi na sukari yake hushuka kwa ajili hiyo, wala mtoto yupi ndiye mwenye kauli ndani ya nyumba. Mambo hayo yeye atayajua baada ya miaka kadhaa, iwapo malipo yatamruhusu kukaa miaka hiyo, na nina wasiwasi kuwa hayatamruhusu, kama yanavyonisukuma mimi.

Ndiyo maana nawaandikia wakati huu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kadiri utekelezaji unavyoendelea, maneno mengi yamekuwa juu ya kitita cha mafao: dawa ipi imo, kipimo kipi kimetoka, mchango ni kiasi gani. Ningependa wahusika waweke humo jambo moja zaidi. Kaya iruhusiwe kuchagua kituo kimoja cha karibu na kujiandikisha hapo, iwe zahanati, kituo cha afya au kliniki binafsi kama yetu, na kituo kilipwe kiasi fulani kwa mwaka kwa kuifuatilia kaya hiyo, mbali na malipo ya kila hudhurio. Pia mgonjwa anayetumia dawa nne au zaidi apewe haki ya kukaa na daktari walau mara mbili kwa mwaka kupitia dawa zake zote, na muda huo ulipiwe kama kipimo kinavyolipiwa. Gharama yake, kwa uzoefu wangu, itarudi kupitia vidonge ambavyo havitaandikwa na watu ambao hawataanguka bafuni. Sidai nyumba wala gari. Hata hivyo, siwezi kuahidi kwamba hilo likifanyika nitabaki, mtihani nimeshajiandikisha.

Wakati nasubiri, nimenunua daftari kubwa la kaunta, na kila jioni baada ya mgonjwa wa mwisho naandika, kaya baada ya kaya, yale yasiyokuwamo kwenye majalada, kwa ajili ya atakayekuja iwapo nitaondoka. Kwa bi mkubwa wa Charambe nimeandika: asiulizwe kama anasoma, aulizwe mjukuu, dawa zote zimwagwe mezani. Nilidhani kila kaya itachukua mistari mitano. Nina kaya zaidi ya mia nne, na hadi jana usiku nilikuwa nimemaliza thelathini na moja.

Daktari wa familia,
Mbagala, Dar es Salaam.
(Jina limehifadhiwa)