Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu TAMISEMI: dumu la sabuni "inayoua bakteria" lisiingie tena wodini

Kwa Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Dodoma.

YAH: SABUNI YA KUNAWIA MIKONO KATIKA VITUO VYA AFYA NA SHULE

Ndugu Katibu Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunakuandikia wewe kwa sababu zahanati, vituo vya afya, hospitali za halmashauri na shule za serikali ziko chini ya ofisi yako, na kwa sababu siku hizi fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Anayeamua sabuni ipi inunuliwe ni mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, na kamati yake. Mfawidhi anapojaza ombi, mara nyingi huandika mstari mmoja tu: "sabuni ya maji ya kunawia, inayoua bakteria, dumu la lita 5." Mstari huo unalipia dawa ambayo wodi nyingi hazina kazi nayo, kisha unaileta katika chombo kinachoiharibu.

Tuanze na dumu, kwa kuwa hapo ndipo penye madhara makubwa. Sehemu kubwa ya sabuni ya maji ni maji, na kinachozuia vijidudu visizaliane humo ni kihifadhi kidogo kilichopimwa kiwandani kulingana na ujazo wake. Muuguzi akiongeza maji ili sabuni ifike mwisho wa mwezi, kihifadhi nacho kinakosa nguvu. Mhudumu akimimina sabuni mpya juu ya iliyobaki kwenye chupa ya pampu, ile ya chini haiishi kamwe. Utelezi unajijenga kwenye kuta za chupa na ndani ya mrija wa pampu, na humo hukaa Pseudomonas, Klebsiella na Serratia, vijidudu vinavyopenda unyevu. Hao hao ndio tunaowakuta kwenye damu ya watoto njiti na kwenye vidonda vya upasuaji. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulipima mikono ya wanafunzi na watumishi wa shule ya msingi iliyokuwa na dispensa (vyombo vya sabuni vya ukutani) za kujaziwa. Baada ya kunawa kwa sabuni iliyokwisha kuchafuka, bakteria wa kundi la gram hasi, ambalo ndilo la Pseudomonas na wenzake hao, mikononi mwao waliongezeka mara 26. Mtu ananawa vizuri kabisa, anatoka na mikono michafu kuliko alivyokuja. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unakataza kuongezea sabuni kwenye chombo ambacho hakijaisha.

Neno "inaua bakteria" kwenye lebo halizuii hayo. Hata chupa za klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, zimewahi kukutwa na vijidudu hai ndani yake, hasa zilizochanganywa na maji ya bomba wodini na kukaa siku nyingi.

Sasa hilo neno lenyewe. Lebo husema inaua asilimia 99.9 ya bakteria. Takwimu zilizomo katika mwongozo huohuo wa 2009 zinaonyesha kwamba kunawa kwa sabuni ya kawaida, isiyo na dawa yoyote, kwa sekunde 15 kunaondoa takribani asilimia 75 hadi 92 ya bakteria walio juu ya ngozi. Ukifikisha sekunde 30, inakuwa asilimia 98 hadi 99.8. Angalia pengo hilo limetoka wapi: limetoka kwenye saa, na dawa haikuhusika. Anayenawa kwa sekunde 8 kwa sabuni ya bei mbaya anashindwa na anayenawa kwa sekunde 40 kwa kipande cha kawaida. Utaratibu mzima, tangu kulowesha mikono hadi kuikausha, unapaswa kuchukua sekunde 40 hadi 60, na sehemu zinazosahauliwa karibu kila mara ni vidole gumba na ncha za vidole.

Dawa nyingine zilizokuwa zikiwekwa kwenye sabuni hizi zimeshakataliwa kwingine. Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa viambato 19, triklosani na triklokabani vikiwemo, kwenye sabuni za kunawia za watu wa kawaida, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kuwa ni salama kwa matumizi ya kila siku na vina faida kuliko sabuni tupu. Desemba 2017 triklosani ikakataliwa pia kwenye bidhaa za kunawia hospitalini. Kwetu hapa jambo hili lina uzito wa pekee, maana triklosani hushambulia kimeng'enya cha jamii moja na kile kinacholengwa na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu; hofu ni usugu kwa moja kugusa nyingine. Hatuoni sababu ya kuinunua kwa fedha za umma ili mtu akanawie baada ya kutoka chooni.

Kuna na desturi ya kujitengenezea "sabuni ya dawa" wodini: mtu anamimina Savlon kwenye sabuni ya maji. Savlon ina klorheksidini na setrimaidi, na zote mbili zina chaji chanya. Sabuni ya kawaida ina chaji hasi. Zikikutana zinashikana na dawa inakufa palepale. Kinachobaki ni harufu. Ndivyo ilivyo pia kwa anayenawa kwa sabuni ya kipande, asisuuze vizuri, halafu akapaka klorheksidini. Na lile beseni la Savlon linalowekwa mlangoni ili kila mtu achovye mikono liondolewe leo, halina utetezi.

Mahali ambapo sabuni yenye dawa inastahili ni pachache. Chumba cha upasuaji ni cha kwanza. Hapo tunataka klorheksidini glukoneti ya asilimia 4 au povidoni ayodini ya asilimia 7.5, katika chupa ya kiwandani, kwa sababu inabidi bakteria wa ndani ya ngozi wapungue na wabaki wamepungua chini ya glavu kwa saa kadhaa. Kucha fupi, pete na saa nje, mikono juu ya usawa wa viwiko, dakika 2 hadi 5. Dakika 10 za enzi zile hazina faida, na brashi inachubua ngozi bure. Klorheksidini isiingie machoni wala sikioni. Sikio la ndani linaweza kupoteza usikivu. Mashuka na taulo zenye mabaki yake zisiloweke kwenye Jik, zitatoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Chumba cha watoto njiti au wodi yenye mlipuko inaweza kuingia kwenye orodha hii kwa muda, kwa maelekezo ya timu ya kinga na udhibiti wa maambukizi.

Kwingine kote, wakati mikono haina uchafu unaoonekana, kitakasa mikono chenye kileo kinafanya kazi vizuri kuliko sabuni yoyote, tena kwa sekunde 20 hadi 30, na hakihitaji sinki. Mikono ikiwa na damu, kinyesi au udongo, au mgonjwa akiwa anaharisha, ni maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida. Mbegu za Clostridium difficile, bakteria anayeleta kuharisha, haziuawi na kileo wala na sabuni ya dawa. Zinasuguliwa na kusombwa na maji. Virusi vya Marburg, vilivyotupiga Kagera mwaka 2023 na tena 2025, vina ganda la mafuta ambalo sabuni tupu inalivunja. Maji ya klorini ya asilimia 0.05 ni ya dharura, pale ambapo sabuni na kitakasa havipo kabisa.

Tunachoomba, basi, ni ofisi yako itume vituoni maelezo mapya ya bidhaa, yatakayonakiliwa kama yalivyo kwenye maombi yanayokwenda MSD (Bohari ya Dawa), kwa mshitiri (muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuviuzia vituo) au kwenye NeST (mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni). Yasomeke hivi: sabuni ya maji ya kunawia mikono, isiyo na kiambato cha kuua bakteria; pH (kipimo cha uchachu) kati ya 5.5 na 7. Isiyo na marashi makali. Katika mfuko au chupa ya mililita 500 hadi lita 1 iliyofungwa kiwandani, pampu ikiwa sehemu ya chupa na hutupwa pamoja nayo. Yenye namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Muuzaji aambatishe pia cheti cha maabara kinachoonyesha vijidudu visivyozidi 1,000 kwa mililita, na kwamba katika mililita 1 hakuna Pseudomonas aeruginosa, E. coli, Staphylococcus aureus wala Candida albicans. Muuzaji akishindwa kuleta karatasi hiyo, tunajua tunachonunua.

Kipengele hiki kitavigusa vikundi vya wajasiriamali vinavyopata mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri na kuuza sabuni vituoni. Sabuni yao, inayokorogwa kwa kemikali za salfoniki, slesi na soda ash, inang'arisha sakafu na vyoo, na inunuliwe kwa kazi hiyo. Kwa mikono ya muuguzi anayenawa mara kadhaa kwa zamu haifai: pH hubadilika kila wanapokoroga, na wengine huweka fomalini ili isiharibike. Ngozi iliyopasuka hubeba bakteria wengi zaidi, na mwenye mikono inayowaka ataacha kunawa, hata umwekee mabango ukuta mzima. Kwa sababu hiyohiyo kituo kinunue na losheni, isiyo ya mafuta ya mgando, maana mafuta hayo hulegeza glavu za mpira.

Kuhusu kiasi, hesabu ni nyepesi. Zahanati yenye watumishi 6, kila mmoja akinawa mara 15 kwa siku kwa mililita 2, inatumia mililita 180 kwa siku, yaani lita 5.4 kwa mwezi. Kituo kinachoagiza lita 2 kwa mwezi na hakiishiwi, ama watu hawanawi ama sabuni inaongezwa maji.

Tunajua kuna vituo ambavyo chupa za kutupwa hazitapatikana mwaka huu wala ujao. Hivyo viruhusiwe chupa za pampu za kurudiwa kwa sharti moja: kila sinki liwe na chupa mbili, moja kazini na nyingine ikikauka. Sabuni ikiisha, masalia yanamwagwa. Pampu inafunguliwa vipande, chupa na mrija vinasuguliwa kwa maji ya moto na brashi, kisha vinalowekwa kwenye klorini ya asilimia 0.1 kwa dakika 15, na maji hayo yavutwe kupitia pampu mara kadhaa. Kwa Jik ya asilimia 3.5 ni kipimo 1 kwa vipimo 34 vya maji. Kwa unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 ni gramu 1.5 kwa lita. Vinasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vinaning'inizwa kichwa chini hadi vikauke kabisa. Kosa kubwa liko hapo mwisho, kwa kuwa chupa hujazwa ingali mbichi. Tarehe ya kujaza iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika. Pasipo na chupa, kipande kidogo cha sabuni kwenye kichanja chenye matundu kinakubalika. Kipande kikubwa kinachoogelea kwenye kisahani hakikubaliki.

Na mikono ikaushwe kwa nini? Swali hili husahauliwa kabisa kwenye bajeti. Taulo moja inayoning'inia wodini wiki nzima inarudisha kila kitu. Vitambaa vidogo vya pamba, kila kimoja kwa mnawaji mmoja, kisha kwenye ndoo ya kufuliwa, vinatosha na hudumu.

Shuleni mambo ni mepesi zaidi. Huko sabuni yenye dawa haina nafasi hata kidogo. Gramu 30 za sabuni ya unga kwenye lita 1.5 za maji, katika chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, zinafaa kuning'inizwa kando ya kibuyu chirizi, na kilo 1 ya unga inatoa lita 50. Ichanganywe upya kila siku chache, chupa ikisuuzwa kwanza. Ni tiba ya shule tu. Wodini mchanganyiko huu usiingie, kwa sababu zilezile tulizozieleza.

Jambo la mwisho ni dodoso la usimamizi shirikishi, yaani maswali ambayo wasimamizi huuliza wanapotembelea vituo. Swali "je, kuna sabuni?" hujibiwa "ndiyo" mbele ya dumu lililojaa Pseudomonas. Liulizwe hivi: je, maji na sabuni, au kitakasa, vipo mahali mgonjwa anapohudumiwa na ndani ya mita 5 kutoka chooni? Chupa hii ilijazwa lini, na nyenzake inayokauka iko wapi?

Madumu yaliyopo stoo yasitupwe. Ambayo hayajafunguliwa na hayajapita tarehe yatumike bila kuongezwa maji, kwenye chupa zilizooshwa kama ilivyoelezwa hapo juu, hadi yaishe. Yaliyofunguliwa na kuongezwa maji yaende kuoshea sakafu za nje.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Watumishi wa kinga na udhibiti wa maambukizi