Kazi ya Babu Yako Katika Keya

Mombasa

Mwanangu,

Ama baada ya salamu, umeniomba nikuandikie kazi aliyoifanya babu yako katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa wajukuu wamekwisha kuhadithiana kwamba alikuwa komando aliyeua watu kwa kidole kimoja. Waambie sivyo. Babu yako alikuwa mwalimu. Katika Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kombania moja iliweza kuwa na watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mtu wa pwani aliyeweza kueleza jambo kwa maneno machache alikuwa na kazi. Yake ilikuwa kufundisha kupigana kwa mikono na kwa singe, kile kisu kinachofungwa mbele ya bunduki.

Somo la kwanza halikuwa kupiga, lilikuwa kuanguka. Kurutu akisukumwa hunyoosha mkono ajizuie, uzito wote ukashukia kifundo cha mkono au mtulinga, na hapo ndipo panapovunjika. Kwa hiyo walianza wakiwa wamechutama, juu ya mchanga au majani. Kidevu kifuani, mgongo umepindwa, na mgongo unapogusa chini, mkono mzima kutoka kwapani hadi vidoleni upige ardhi kwa pamoja, ukiwa umeachana na mbavu kwa digrii kama 45. Ukiupeleka mbali zaidi, bega linaumia. Ukiubana, unaulalia. Walisimama baada ya hayo kuzoeleka tu. Mwalimu mbaya huliruka somo hili kwa sababu halina mbwembwe, kisha nusu ya watu wake wako hospitali.

Likafuata somo la kujinasua. Mshiko wa mkono una mwanya mmoja, pale dole gumba linapokutana na vidole. Usivute kwa nguvu za bega: geuza mkono wako mpaka upande wake mwembamba uelekee mwanya huo, kunja kisukusuku, msogelee aliyekushika, ndipo uchomoe. Wengi hukosea kwa kurudi nyuma. Anayerudi nyuma mikono yake hunyooka, na mkono ulionyooka hauna nguvu. Walifanya polepole kwanza, mmoja akishika kwa nusu ya nguvu zake, mpaka miguu izoee kwenda mbele badala ya kukimbia.

Mapigo yenyewe yalikuwa machache, na ngumi haikuwamo. Mifupa iliyo nyuma ya kidole cha pete na kidole cha mwisho huvunjika upesi ikigonga fuvu au kofia ya chuma, na mkono uliovunjika hauwezi kuvuta bolti ya bunduki. Badala yake ni kitako cha kiganja chini ya kidevu, ukingo wa kiganja, goti na kisukusuku. Mtindo huu ulienea katika majeshi ya Waingereza kutoka kwa William Fairbairn na Eric Sykes, waliokuwa katika polisi ya Shanghai kabla ya kurudi Uingereza mwaka 1940 na kufundisha makomando. Kisu chembamba chenye makali pande mbili, kilichoanza kutengenezwa 1941, kina majina yao. Askari wa Keya alikuwa na singe na panga. Mtu akikuletea kisu cha namna hiyo akidai kilikuwa cha babu, usimpe hata shilingi.

Bunduki ya Lee-Enfield ina uzito wa kilo nne hivi. Singe yake ya zamani ilikuwa na bapa la sentimita 43; iliyokuja baadaye na Lee-Enfield namba 4 ilikuwa kama msumari wa sentimita 20. Ile ndefu huifanya bunduki iwe nzito mbele, na askari akichoka mtutu hushuka bila yeye kujua. Walichoma magunia yaliyojazwa majani makavu. Walipokabiliana wawili wawili, singe ilibaki ndani ya ala. Kosa kubwa lilikuwa kutupa mikono na kuacha miguu nyuma. La pili, kuzamisha singe mno ikanasa. Ndiyo maana kuchomoa lilikuwa somo peke yake: irudi kwa njia ile ile iliyoingilia, bila kupindua.

Sasa utauliza haya yalisaidia nini katika vita vya mizinga na ndege. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya Keya, ilipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943, na 1944 ikaingia Burma, Myanmar ya leo, ikateremka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya kule hadi Kalewa mwezi wa Desemba. Usiku Wajapani walikuwa wakipiga kelele na kurusha fataki msituni ili askari wetu wafyatue risasi, nao Wajapani wajue bunduki za rashasha zimewekwa wapi. Anayefyatua ovyo anawauza wenzake. Amri ilikuwa kukaa kimya shimoni, singe tayari. Lakini kimya hicho hakiwezekani kwa mtu asiyeiamini mikono yake gizani. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya babu yako: alifundisha watu kutofyatua.

Kuhusu nishani. Nyota ya Burma, nishani ya waliopigana huko, ina pembe sita, na utepe wake ni wa buluu, nyekundu pana katikati, na mistari ya rangi ya chungwa. Nyota za vita vile zilitolewa kwa askari wa Keya bila kuchorwa jina, kwa hiyo kinachothibitisha kuwa ni yake ni cheti chake cha kuachishwa jeshi. Kitoe nakala, kisha viweke pamoja. Nishani usiisugue kwa dawa ya shaba, inakula maandishi. Ifunge kwa kitambaa cha pamba safi na kikavu, si kwa mfuko wa plastiki, maana unyevu wa Mombasa ukifungiwa humo shaba inaota kijani. Utepe uepushe na jua.

Na ukiwapeleka watoto kwenye sanamu ya askari pale Jomo Kenyatta Avenue, usiwaambie ni ya babu yao. Ile ni ya askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi baba yako.