Jumamosi: Holiday World, Indiana

Ndugu zangu wa Louisville, bustani ya michezo na burudani tunayokwenda, Holiday World, si ya jana. Louis J. Koch aliifungua mjini Santa Claus tarehe 3 Agosti 1946, ikiitwa Santa Claus Land. Jina la sasa ni la 1984, na upande wa maji, Splashin' Safari, ukaja 1993. Tangu 2000 soda ni bure, msibebe makatoni.

Saa za kule ziko nyuma yetu kwa saa 1. Basi linaondoka saa 2 asubuhi, SAA ZA LOUISVILLE.

Wapimeni watoto nyumbani, bila viatu: chini ya sentimita 122 hawapandi The Voyage, treni kali ya reli za mbao. Tuanze na maji. Radi za alasiri zikikaribia, mabwawa hufungwa.