Risala ya Madereva wa Masafa Marefu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwaaga Madereva Wanafunzi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwenyekiti wa chama chetu,
Wajumbe wa kamati, na waajiri wachache mlioitikia mwaliko,
Madereva wanafunzi mnaohitimu leo,
Wake, waume na watoto wetu,
Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima, jambo ambalo watu wa kazi yetu hawalichukulii kwa mazoea. Pili tunakushukuru wewe, mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi. Msaidizi wako ameshatukumbusha mara 2 tangu asubuhi kwamba una safari nyingine, kwa hiyo historia tutaipitia kwa gia kubwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, chama hiki kilizaliwa chini ya tela. Waanzilishi wetu 7 walikwama njiani wakisubiri springi, wakachanga kwanza pesa za spea, katiba ikafuata baadaye. Tangu hapo mafanikio ni makubwa mno. Tuna akaunti ya benki na tuna muhuri. Tuna viti vya plastiki 60, na vyote unavyoviona hapa ni mali ya chama isipokuwa hicho ulichokalia, ambacho tumekiazima kwa heshima yako. Mfuko wa kusaidiana umeshazika, umeshauguza, na mwaka huu umekaguliwa na hesabu zikakubaliana. Kamati yetu ya Utafiti na Maendeleo, ambayo kwa sasa ina mjumbe 1, imekamilisha mchoro wa kiwanja cha mafunzo. Wanachama wa kike wamefika 3, na mmoja wao ndiye anayerudisha tela nyuma kwa ustadi kuliko sisi wote, ingawa wapo wanaume hapa wasiopenda lisemwe.

Sasa tuseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana wengi hutuona tukipita tu.

Mheshimiwa, dereva wa masafa marefu analipwa kwa safari. Gurudumu likizunguka, anahesabiwa. Likisimama, hahesabiwi, na gurudumu letu husimama sana. Husimama kwenye foleni ya mizani, kwenye foleni ya mpaka, na zaidi ya kote nje ya geti la bohari, ambako unafika alfajiri kama ulivyoagizwa halafu unaambiwa mwenye ufunguo hajafika. Unakaa siku nzima unalinda mzigo usio wako, choo huruhusiwi kutumia kwa kuwa wewe si mfanyakazi wa pale, na jioni tajiri anapiga simu kuuliza kwa nini umechelewa. Usiku unavuta pazia la kabini na kulala jicho moja likiwa kwenye tangi la dizeli. Asubuhi unaoga kwa maji ya galoni nyuma ya tairi la tela, upande usio na barabara.

Marupurupu yapo, tusikufuru. Ipo posho ya njiani, ambayo hutolewa kabla ya safari na huisha kabla ya safari. Ipo bonasi ya kubana mafuta, na kila aliyewahi kuifukuzia anajua kwamba lori lenye mzigo kamili, likipanda mlima huku upepo ukilipiga usoni, halisomi barua ya bonasi. Ipo pia kalenda ya ukutani yenye picha ya lori la kampuni. Tunaipeleka nyumbani, watoto wanaitumia kuhesabu siku za baba kurudi. Hatusemi haya kwa kulalamika. Kazi hii tunaipenda: kuna alfajiri barabara ikiwa tupu na injini imetulia, ambazo hakuna kati yetu angezibadilisha na meza ya ofisini.

Na kanuni zipo duniani, mheshimiwa. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 za kuendesha kwa siku na saa 48 kwa wiki, na unataka dereva apumzike baada ya saa 4 mfululizo. Tunautaja kwa kupita tu. Lililotuleta mbele yako leo si saa.

Lililotuleta ni gari la mafunzo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, vijana hawa 11 waliokaa mbele yako wamefundishwa kwa lori dogo lisilo na tela. Hilo ndilo tulilonalo, nalo tunaliazima Jumamosi mwenyewe akiwa hana kazi nalo. Wamelimudu vizuri na watapewa vyeti kwa mkono wako. Kesho kutwa, Mungu akipenda, wataajiriwa, na wataajiriwa kuendesha kichwa, yaani gari la mbele lenye injini, pamoja na tela linalovutwa nyuma yake. Tunaomba utuvumilie tueleze tofauti yake, kwa kuwa tulipoieleza ofisini tuliambiwa kwamba lori ni lori.

Lori dogo ukilirudisha nyuma, usukani ukienda kulia na mkia unakwenda kulia. Lenye tela ni kinyume: unazungusha kulia ili mkia uende kushoto, kisha unarudisha usukani haraka kulifuata, na ukichelewa kidogo tu kichwa na tela vinakunjana, unavunja taa, kioo au ukuta wa watu. Lori dogo likikata kona, tairi za nyuma hufuata karibu na zile za mbele. Tela hujivuta ndani ya kona, na ndani ya kona ndiko anakosimama mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli. Kwenye mteremko, dereva wa lori dogo lisilo na mzigo anaweza kukosea na kesho akasimulia. Mwenye tani 40 lazima achague gia ndogo kabla hajaanza kushuka na aiachie injini ishike uzito, kwa sababu breki ikikanyagwa muda mrefu huchemka, na ikishachemka haishiki. Akishashika kasi katikati ya mteremko, ile gia ndogo aliyoiacha juu haingii tena.

Mambo haya hayafundishiki kwa maneno, mheshimiwa, wala kwa lori la kuazima lisilo na tela. Mwalimu wetu amejitahidi. Kufundisha kurudi nyuma anatumia lori la kuchezea la mtoto, la plastiki, jekundu, lenye tela lake. Ndilo hilo lililowekwa mbele yako karibu na chupa ya maji. Samahani, tairi 1 halipo. Analiweka juu ya meza, wanafunzi 11 wanalizunguka, kila mmoja analisukuma kwa kidole kati ya masanduku 2 ya viberiti. Wote wamefaulu. Kidole chao hakina tatizo lolote.

Kwa hiyo mafunzo halisi wanayapata barabarani, na hapo ndipo penye donda. Kijana asiye na ada huchukuliwa na kampuni, anatia saini kwamba ataitumikia kwa muda uliopangwa, na akiondoka kabla ya hapo anadaiwa gharama za kufundishwa. Kufundishwa kwenyewe ni kupangwa safari pamoja na dereva mzoefu. Mzoefu huyo hakuomba kuwa mwalimu wala haongezwi malipo, na mzigo una siku yake ya kufika. Anachofanya ni kile ambacho yeyote kati yetu angekifanya: anaendesha mchana, usiku anampa mwanafunzi usukani na kwenda kulala.

Tunaomba mwanachama aliyeko safu ya tatu, mwenye shati la bluu, asimame mheshimiwa amwone. Ahsante, kaa. Huyu, usiku wake wa kwanza, alikabidhiwa usukani mvua ikinyesha. Mwalimu wake akavuta pazia. Walipofika mteremko hakujua ni mrefu kiasi gani, akaanza kushuka na gia aliyokuwa nayo, akawa anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga. Aliona aibu kumwamsha mtu mzima. Kilichomwamsha mzee ni harufu ya breki kuungua iliyoingia kabini. Kwa bahati barabara ilianza kupanda, gari likapoteza kasi likasimama, moshi ukitoka kwenye tairi za tela pande zote mbili. Mzee aliteremka bila viatu, akalizunguka gari lote, akarudi akamwambia neno 1: "Umejifunza." Kisha akakaa mwenyewe kwenye usukani hadi asubuhi. Kwenye makaratasi ya kampuni, usiku ule unahesabiwa kuwa ni mafunzo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Umoja wa Ulaya unataka anayeingia kazi hii asome saa 280, au 140 kwa njia ya mkato, kisha saa 35 kila baada ya miaka 5. Hatusemi wenzetu wote wamemaliza tatizo. Marekani ilianza kudai mafunzo ya lazima kwa madereva wapya tarehe 7 Februari 2022 tu, na hata hapo haikutaja idadi ya saa. Sisi hatudai saa 280. Tunadai cha kukalia tukifundisha hata hizo chache.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wetu wa kwanza aliahidi kichwa na tela, tukapiga makofi tukiwa tumesimama. Aliyemfuata aliahidi kufuatilia ahadi ya aliyemtangulia, tukapiga makofi tukiwa tumekaa. Wa tatu alituletea fulana. Tunamshukuru sana kwa fulana, wengi wamezivaa leo na unaziona. Rangi imefifia kwa kufuliwa, ila maneno ya mgongoni, "Mafunzo Bora, Barabara Salama", bado yanasomeka. Tulipoandika barua kuuliza, tulijibiwa kwamba mchakato unaendelea. Barua zote zipo kwenye faili analoshika katibu, na atafurahi sana ukimwomba akuonyeshe.

Ili tusikuchoshe, tumepunguza ombi mwaka baada ya mwaka. Halihitaji kuwa gari jipya. Kichwa kilichostaafishwa kinatosha, hata kama rangi imebabuka, mradi kinawaka, breki zake za upepo zinajaa na usukani hauna mchezo. Tela liwe tupu, hata turubai si lazima. Mafundi tunao, wako hapa, watalifufua bila malipo. Kiwanja chenye mchoro uliokamilika tumeahidiwa na mwanachama kwa masharti ya kukifyeka. Tunajua pia, kwa kuwa sisi ndio tunaopita barabarani, kwamba yapo yadi ambamo vichwa vya namna hiyo vimesimama hadi majani yameota kwenye radieta. Waajiri waliopo hapa wanazifahamu vizuri zaidi, nasi tunaona baadhi yao wameinamia simu zao.

Mheshimiwa, baadaye utaletewa kitabu cha wageni utie saini. Usishangae kukuta safu ya "Maoni" imefutwa kwa kalamu nyekundu. Ni kamati ndiyo iliyofuta, na juu yake imeandika "Tarehe ya kuleta gari". Maoni ya wageni waliotangulia yalikuwa mazuri mno na hatukuwa na nafasi ya kuyaongeza.

Mwisho, hilo lori jekundu si mali ya chama. Ni la mtoto wa mwanachama wetu, tulimwazima akiwa na miaka 5 na sasa ana 8. Yuko pale kwa mama yake. Kila mkutano huja kutuuliza gari lake litarudi lini, na kwa miaka 3 sasa tumekuwa tukimjibu kwamba mchakato unaendelea.

Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu Msaidizi, kwa niaba ya kamati.